Mke aliyekuwa habanduki kwenye kochi anajibu: mechi, wageni wa ukoo na mji msiojua mtu

Kwa waliochelewa: mleta mada na mkewe wamehamia mji mpya kikazi, mwezi wa nne sasa, na hawana ndugu wala rafiki huko. Yeye ni mtu wa michezo, kila Jumamosi yuko uwanjani. Mke anabaki nyumbani. Wikiendi isiyo na mechi ina mgeni, leo mama, kesho mdogo wa mke, keshokutwa binamu aliyesikia kuna chumba cha ziada. Anauliza aache mechi au apunguze wageni, na kuhusu tiketi ya msimu, anunue moja au mbili. Mama yake anafika tarehe 14.

Wengi mliomjibu ni mashabiki kama yeye. Mimi niliwahi kuwa mke wa kubaki nyumbani kama mkewe, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Sisi tulihama mwaka wa tatu wa ndoa. Maboksi ya vyombo yalikuwa bado yamefungwa kwa gundi, mwenzangu tayari anajua uwanja uko wapi na basi gani linaenda. Nilichukia. Nilijua ananikimbia mimi na maboksi yangu. Miezi kadhaa baadaye ndipo aliponiambia, tena tukiwa tumezima taa, kwamba kule uwanjani ndiko mahali pekee katika mji ule ambapo mtu asiyemjua alimsemesha bila kuwa na shida naye. Kazini wanamwongelesha kwa sababu ya kazi. Jirani anainua mkono, basi. Lakini jukwaani mtu wa siti ya pembeni anamgeukia na kumuuliza, "Hivi huyu beki wetu wa kushoto leo kalala saa ngapi?" Nikaona aibu kidogo, kwa sababu mimi kwa muda wote ule nilikuwa sijasemeshwa na mtu yeyote isipokuwa wauza duka.

Nikakubali kwenda, kwa masharti: pawe na paa, nikae chini, na nijue tunatoka saa ngapi. Masharti hayo yaliufuta mpira wa miguu papo hapo. Tukaishia kwenye kikapu, timu ya wanawake ya daraja la chini, ukumbi mdogo usiojaa hata nusu. Na hapa, mleta mada, ndipo pa kuanzia na mkeo. Usimpeleke kwenye mechi kubwa ya watani wa jadi ukidhani shamrashamra zitamteka. Kule atakuwa mtu mmoja katika maelfu, haoni vizuri, haelewi watu wanapigia kelele nini. Kwenye ukumbi mdogo unasikia kocha anavyofoka, unasikia viatu vinavyolia sakafuni, na mchezaji akianguka mbele yako unaona anavyong'ata meno. Mechi ya pili nilishajua majina matano. Ya nne nikawa nauliza mbona namba 11 haanzi.

Sasa kuhusu wageni. Ugomvi wetu ulikuwa kama wenu: yeye anasema ndugu zangu wanamla wikiendi, mimi nasema timu yake inanila mimi. Kilichotutuliza ni hesabu, wala si busara. Ligi ya timu yake ina timu 16. Kila timu inakutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo mechi 30 kwa msimu, na za nyumbani ni 15 tu. Mwaka una wikiendi 52. Nilikuwa naapa kwamba kila Jumamosi hayupo, kumbe zilizokuwa zinaniuma ni zile za ugenini ambazo alikuwa anaenda "kuangalia na wenzake". Tukakata ugenini zote isipokuwa mbili za kuchagua. Zikabaki wikiendi 15 za nyumbani, mbili za ugenini na 35 za mambo mengine yote, pamoja na kulala.

Ratiba ya msimu tuliibandika kwenye friji. Ndugu akipiga simu kuomba kuja, hatusemi "njoo tu wakati wowote", tunampa tarehe mbili, na moja kati ya hizo kwa makusudi ina mechi ya nyumbani. Hatuondoi mechi kwa ajili ya mgeni, mgeni anaingia ndani ya mechi. Angalizo moja: kadiri ligi inavyokuwa juu na televisheni zikiwa na haki ya kuonyesha, ndivyo tarehe zinavyosogezwa, Jumamosi inakuwa Ijumaa usiku au Jumapili mchana, na mechi za kombe nazo zinachomekwa katikati. Msimkatie mama tiketi ya safari isiyobadilishika kwa kutegemea ratiba iliyotoka miezi mitatu kabla. Madaraja ya chini hayana hekaheka hiyo sana, sababu nyingine ya kuyapenda.

Nataka niwasimulie ujio wa baba yangu, maana ndio uliomaliza ubishi wote nyumbani kwetu.

Baba ni mwalimu wa hesabu mstaafu. Si mtu wa maneno. Yeye na mume wangu wanaheshimiana mno, kiasi kwamba wakiachwa sebuleni peke yao wote wawili wanasoma gazeti moja, huyu kurasa za mbele na yule za nyuma. Siku nne za kwanza zilikuwa hivyo. Siku ya tano ilikuwa mechi, na mimi nikawa na mafua. Niliwaambia waende wawili, huku nikiwaonea huruma wote. Dakika za mwisho nikajikaza, nikavaa skafu, nikawafuata, nikakaa safu ya nyuma yao.

Robo ya kwanza yote hawakusema neno. Kisha baba akanyoosha kidole kwenye ile saa ndogo juu ya kikapu, inayohesabu kurudi nyuma kutoka 24.

"Ile ni ya nini?"

Mume wangu akamweleza: timu ikishika mpira ina sekunde 24 za kurusha, la sivyo inanyang'anywa.

"Kwa nini 24? Kwa nini si 25, au 30?"

Hapo mwenzangu alichangamka. Akamweleza kwamba zamani, kabla ya saa hiyo, timu ikishaongoza ilikuwa inaushika mpira tu na kupoteza muda. Mwaka 1950 kuna mechi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, iliisha 19 kwa 18, Fort Wayne wakiwafunga Minneapolis, watu wakachoka. Mwaka 1954 mwenye timu mmoja, Danny Biasone, akapiga hesabu: mechi ya dakika 48 ni sekunde 2,880, na mechi tamu huwa na mitupo kama 120 ya timu zote mbili. Gawanya.

Baba hakusubiri. Aliitoa kalamu mfukoni, akaigeuza tiketi, akagawanya kwa mkono, mtindo wake ule wa kuandika ubaoni. "Ishirini na nne," akasema. "Hakuna baki." Nilimjua kwa sauti kwamba amefurahi. Lakini dakika moja haikupita akakunja uso. "Hawa hapa wanacheza robo nne za dakika kumi kumi. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Kwa 24, ni mitupo 100 tu. Kipindi kimoja, 50."

"Nadhani huwa inazidi, baba."

"Tuone."

Kipindi cha pili chote baba alipiga vijiti nyuma ya ile tiketi, vinne na cha tano kwa kukatisha, kama anahesabu kura. Mwenzangu akawa msaidizi wake: huo ulikuwa mtupo, ule umezuiwa lakini unahesabika, ule ni wa adhabu usiutie. Wakawa wameinamiana vichwa. Timu yetu ilikuwa inafungwa vibaya, wala hawakujali. Mwisho vijiti vilikuwa 67. Baba akaviangalia muda mrefu, mume wangu akamweleza kwamba wengi hurusha sekunde ya kumi au ya kumi na mbili, na tena mpira ukigonga chuma ukarudi kwa timu ile ile iliyorusha, saa inaanzia 14.

"Kumbe ni kikomo," baba akasema, "si mgawo."

Njiani kurudi waliongea mpaka nyumbani, mimi nyuma na mafua yangu. Sikumbuki kama walishawahi kuongea hivyo kabla, harusini walisalimiana tu. Nimefikiria sana kwa nini, na jibu nililonalo ni la kawaida kabisa: mmekaa ubavu kwa ubavu, macho yenu wote yako mbele, na kitu cha kusemea kinakuja chenyewe kila nusu dakika. Sebuleni mkwe na mkwe wanatazamana. Nani atamudu?

Si kila ujio ulienda hivyo. Mama mkwe wangu tulimharibia siku. Tulimpeleka kwenye mpira wa miguu, uwanja mkubwa, siti za juu sana kwa sababu ndizo zilizokuwa na nafasi tatu pamoja. Goti lake tulilijua. Hakuna aliyeuliza kuna ngazi ngapi. Alipanda akisimama kila baada ya ngazi chache kana kwamba anatazama mandhari, na sisi tukaamini kweli anatazama mandhari. Kisha mvua ikanyesha, na lile paa tulilokuwa tunaliona kwenye picha likawa linafunika safu za nyuma yetu tu. Hakulalamika hata mara moja. Kesho yake hakutoka kitandani. Mimi na mume wangu tuligombania jikoni kwa kunong'ona, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyekata tiketi. Tangu siku ile, kabla ya kumkatia mzee tiketi, mmoja wetu anapiga simu na kuuliza maswali manne: safu ya ngapi kutoka chini, ngazi ngapi, choo kiko wapi, na paa linafika wapi. Wanaouza tiketi wanajibu vizuri tu ukiwauliza.

Na shemeji yangu, mdogo wake mume, alitua akiwa amevaa jezi nzuri ya rangi ile ile ya wapinzani wa siku hiyo. Alilitazama pambano lote akiwa ndani ya koti la mvua la kwangu, lenye maua. Waambieni wageni rangi mapema.

Mgeni mwenye safari jioni hiyo, mpeleke kwenye mchezo unaoisha kwa saa. Mpira wa miguu ni dakika 90, mapumziko 15, na nyongeza. Panga muda wa saa mbili, ongeza muda wa foleni ya kutoka. Wavu usimpeleke kama ana treni: seti tatu zinaweza kuisha upesi, lakini zikifika tano mtakuwa bado mmekaa. Tenisi ndiyo kabisa. Wimbledon mwaka 2010 Isner na Mahut walicheza saa 11 na dakika 5, kwa siku tatu. Watoto wadogo, ukumbi wa ndani una mwangwi mkali, wavalisheni vile vifunika masikio na kaeni mbali na ngoma.

Kuhusu mkeo, kitu kimoja ambacho hakuna aliyekigusa. Tafuteni pia mchezo ambao mko ndani yake, hata kwa uzembe. Sisi tuliipata parkrun, kukimbia kilomita 5 Jumamosi asubuhi, bure, unajiandikisha mara moja tu. Ilianza London mwaka 2004 na watu 13, sasa ipo kwenye nchi nyingi, angalieni kama mji wenu unayo. Kutembea kunaruhusiwa, na kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho ili wewe usiwe wa mwisho. Mimi nilitembea miezi miwili na yeye huyo, mama mmoja mcheshi kupindukia. Ndiye rafiki yangu wa kwanza mji ule. Na kwa kuwa ni asubuhi, haigongani na mechi ya jioni, wala na mgeni, maana wageni wanalala.

Tiketi ya msimu uliyouliza: usinunue mbili mwaka huu. Nunua yako, siti ya ukingoni mwa safu, na ya pili kateni mechi kwa mechi, akitaka aje mkeo, asipotaka aje mgeni. Mimi nilidai yangu mwenyewe msimu wa pili, na nikachagua siti iliyo mbali na mume wangu kwa nafasi mbili, kwa sababu anaongea sana wakati wa mitupo ya adhabu.

Umesema mama yako anafika tarehe 14. Fungua ratiba sasa hivi uone kama mko nyumbani. Na uliza ngazi.