Kikosi kinaisha kikiwa kwenye kinga (Company of Heroes, mchezo wa vita wa kompyuta)

Umeuliza kwa nini askari wako wanaisha ingawa umewaweka nyuma ya mifuko ya mchanga. Mifuko ina upande. Inazuia risasi za mbele. Adui akizungukia ubavuni, ni kama hujajificha. Shimo la bomu ni tofauti: kinga yake ni hafifu ila haichagui upande.

Kabla ya kubofya, angalia vitone chini ya kielekezi cha kipanya. Kila kitone ni nafasi ya askari mmoja. Kijani ni kinga nzito, njano ni kinga hafifu, nyekundu ni mahali pa wazi kama barabarani, ambapo unaumia kuliko kwenye ardhi ya kawaida. Wengi hukosea hapa: kikosi cha watu sita, vitone viwili vya kijani, vinne vyekundu. Sogeza kielekezi kidogo kidogo mpaka karibu vyote viwe kijani, ndipo ubofye.

Bunduki ya rashasha usiiendee uso kwa uso. Ikikulaza chini, kikosi kinatambaa tu, na kikibanwa kabisa hakifyatui hata risasi moja. Bonyeza herufi T mapema kirudi nyuma. Kujazia askari wawili waliokufa ni nafuu kuliko kununua kikosi kipya. Kikosi cha pili kipite nje ya pembe ambayo rashasha inaweza kufyatulia. Wahudumu wa bunduki lazima waigeuze na kuitega upya, na sekunde hizo ndizo za kurusha guruneti.

Kirusha moto chenyewe hakijali kinga. Ukikiona kinakuja, hama.