Maswali ya wasomaji: Chihuahua mchanga kwenye boma la mbwa walinzi

SWALI: Nina German Shepherd wawili wa ulinzi, dume wa miaka 5 na jike wa miaka 3. Mchana wako kizimbani, usiku nawafungulia. Binti yangu ameahidiwa mtoto wa Chihuahua ambaye sasa ana wiki 6. Jirani ananishauri nimwache tu uani wamnuse, eti watazoeana wenyewe. Nifanyeje?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Usimwache uani, na wala usimchukue akiwa na wiki 6. Mwombe mfugaji akae naye hadi afikishe wiki 10 hivi. Kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kung'ata kwa kiasi na kusoma ishara za mbwa wenzake, na bila somo hilo atawakera wakubwa hadi wamkomeshe. Chanjo ya pavo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na haikamiliki kabla ya wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi 3. Kama kuna mbwa aliyewahi kufa kwa pavo hapo kwako, virusi hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni, kisha jiki nusu kikombe kwa lita 4 za maji, uiache dakika 10.

Sasa tuje kwa wakubwa. Dume wa German Shepherd ana kilo 30 hadi 40. Chihuahua aliyekomaa kwa kawaida hazidi kilo 3, na huyu mchanga huenda hajafikisha hata moja. Si lazima mbwa wako amchukie ndipo amuumize: akimkanyaga tu wakicheza, mguu wa mbele wa mtoto unavunjika. Chihuahua wengi pia wana utosi ulio wazi, kama wa mtoto mchanga wa binadamu. Halafu kuna jambo ambalo jirani hakulifikiria. Kiumbe kidogo kinachokimbia huku kinalia kwa sauti nyembamba huamsha silika ya kuwinda hata kwa mbwa mpole, na mbwa wawili huchocheana. Kwa hiyo wakutane naye mmoja mmoja, tena mchana.

Siku 3 za kwanza wasionane. Mtoto akae chumbani, wewe ubadilishane vitambaa wanavyolalia ili kila upande uzoee harufu ya mwingine. Kisha waonane kupitia wavu wenye matundu yasiyopitisha kichwa chake, dakika 5 mara 3 kwa siku, bila chakula wala mfupa karibu. Mbwa mkubwa akinusa, akageuza kichwa na kwenda zake, hiyo ni dalili njema. Akikaza mwili, akafumba mdomo na kumkodolea macho, mwondoe na siku hiyo usirudie. Akinguruma, tafadhali usimpige. Kunguruma ni onyo. Mbwa aliyefundishwa kwa fimbo kunyamaza siku moja atauma bila kuonya.

Wakishatulia kwenye wavu kwa wiki nzima, anza na yule mtulivu zaidi. Mtu mzima amshike kwa kamba ya mita 2 iliyolegea. Wewe kaa chini, mtoto awe kati ya miguu yako. Usimnyanyue kifuani, kwa sababu mbwa mkubwa ataruka kumfuata na wewe utakuwa umeanzisha purukushani. Dakika 3 zinatosha. Dume na jike wawe naye pamoja baada tu ya kila mmoja kumzoea peke yake, na bado usiwaache bila mtu. Kwa tofauti hii ya uzito, sheria hiyo haina mwisho.

Usiku ndio wa kuogopwa zaidi. Mbwa waliofunguliwa wako kazini na kila kinachosogea gizani wanakishuku. Mtoto akojoe nje kabla hujawafungulia. Baada ya hapo mtandikie magazeti ndani.

SWALI: Mtoto wetu wa mbwa aina ya Maltese, wiki 9, hali chakula akiwaona mbwa wakubwa. Jana asubuhi alilegea na kutetemeka. Ni baridi?

JIBU: Yaelekea sukari ya damu ilishuka. Mbwa wadogo hivi wana akiba ndogo ya sukari mwilini, na kukosa mlo mmoja kunatosha kuwaangusha. Mpake asali robo kijiko cha chai kwenye ufizi, usimmiminie kooni asije akapaliwa, na umfunike apate joto. Akiinuka, mpe chakula. Dakika 10 zikipita bila nafuu, kimbia kwa daktari wa mifugo; hata akipona mpeleke siku hiyohiyo, kwani minyoo na pavo nazo huanza kwa ulegevu. Alishwe mara 4 au 5 kwa siku, mlo wa mwisho usiku kabla ya kulala, mlango ukiwa umefungwa.

SWALI: Je, mtoto wa Chihuahua nimwogeshe dawa ya kupe ninayotumia kwa mbwa wakubwa?

JIBU: Hapana. Dawa za josho zenye amitrazi, kemikali ya kuua kupe, si za mbwa aliye chini ya miezi 4, na huwadhuru Chihuahua hata wakikua. Mng'oe kupe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, kisha watibu wakubwa, maana ndio wanaomletea.