Mtoto hajambo, anayehitaji usingizi ni mama

Wiki hii ujumbe karibu wote mlionitumia mimi nesi wenu ni wa aina moja: watoto wachanga na usiku. Nimechagua michache. Wanaotaka dawa ya kumlaza mtoto wataona jibu lao, na halitawafurahisha.

Shikamoo mama. Mwanangu ana wiki tatu. Mchana analala fofofo, usiku macho makavu. Ana tatizo gani? (Mama wa kwanza, Mbagala)

Marahaba. Tatizo lake ni kwamba ana wiki tatu. Swali hili nalijibu kila mara, basi safari hii likatwe na kubandikwa ukutani. Mtoto wa umri huo hulala saa 14 hadi 17 katika saa 24, ila kwa vipande vipande, na hajui usiku wala mchana. Mchana fungua pazia, asikie sufuria na redio. Usiku mnyonyeshe kwenye mwanga hafifu, usimchekeshe. Akikataa kunyonya, akipata homa au akilegea, hiyo si habari ya usingizi tena. Kimbilia kituo cha afya.

Mke wangu anambeba mtoto kila akilia. Nimesoma kwamba akiachwa alie siku chache atazoea kulala usiku kucha. Ana miezi miwili. Mweleze mwenzangu. (Baba, Dodoma)

Nitakueleza wewe. Njia hiyo ilipata umaarufu mwaka 1985 kupitia Richard Ferber, daktari wa watoto wa Boston, Marekani. Wala hakusema mtoto afungiwe mlango mpaka asubuhi. Analazwa akiwa bado macho, mzazi anatoka, anarudi kumtuliza baada ya dakika chache, kisha anaongeza muda kidogo kidogo. Hayo ni ya mtoto anayekaribia miezi sita au zaidi, mzima na anayeongezeka uzito. Wa miezi miwili akilia usiku mara nyingi ana njaa, na kunyonya usiku ndiko kunakofanya maziwa yasipungue.

Sina ugomvi na njia yenyewe. Australia waliwafuatilia watoto waliofundishwa kulala kwa njia za namna hiyo mpaka umri wa miaka 6, matokeo yakachapishwa 2012: hawakudhurika, na pia hawakuwapita wenzao kwa lolote. Kwa hiyo anayekutisha kwamba utamharibu mtoto akili anakudanganya, na anayekuuzia kozi ya usingizi wa mtoto kwa WhatsApp ndiye zaidi. Ila njia hiyo ni ya nyumba ambayo mtoto ana kitanda chake, ikiwezekana na chumba chake. Wengi wetu tumepanga chumba na sebule, ukuta wetu ndio wa jirani, na mtoto yuko neti moja na mama yake. Utamwacha alie wapi?

Sasa nami nikuulize: wewe unaamka saa ngapi? Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, baba siku 3. Siku 3 hata kitovu hakijadondoka! Lakini likizo ikiisha mikono inabaki. Mama akimaliza kunyonyesha saa tatu usiku, mchukue mtoto, mweke begani mpaka abeue, mbadilishe nepi, umlaze. Mama awe ameshalala zamani. Alfajiri toka naye barazani kabla hujaenda kazini. Jaribu wiki mbili, halafu uniandikie nani alikuwa hajui kulala.

Kifuniko kimoja cha Piriton kinamtosha wa miezi mitano? (Hakutaja jina)

Hakuna kipimo kinachomtosha. Ni dawa ya mzio, na mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi ili alale. Inaweza kumvuruga pumzi. Wapo hata ambao badala ya kulala huchachamaa. Na mnaowaacha watoto kwa dada wa kazi, mtoto akianza ghafla kulala mchana kutwa msishangilie, ulizeni kapewa nini. Asali nayo, chini ya mwaka mmoja, sitaki kuisikia.

Mama mkwe anasema wa miezi mitatu anaamka kwa sababu hashibi, nimpe uji mwepesi. (Morogoro)

Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Uji huo, wenye pilipili manga, mama mkwe akupikie wewe. Mwambie kwa adabu, "Mama, nesi kakataza." Manesi tumezoea kulaumiwa.

Analala kwa mbeleko tu. Namdekeza? (Tanga)

Hapana.

Nimerudi kazini. Usiku nanyonyesha kwenye kochi. Juzi nimezinduka, mtoto kateleza kati yangu na mto. Nimlaze nami kitandani? (Mombasa)

Kochi ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kusinzia na mtoto, anabanwa pua bila sauti. Ukijua utasinzia, afadhali kitanda chenye godoro gumu, mito na blanketi zito mbali naye, wala asiwe upande wa ukutani anakoweza kunasa. Ila kama kitandani kuna aliyekunywa, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya kusinzisha, au mtoto alizaliwa njiti, basi alale pake, karibu nawe. Na siku zote alale chali, bibi aseme atakavyo. Marekani walianza kampeni ya chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya wachanga vikapungua kwa takriban nusu. Halafu, sheria ya Kenya inampa baba likizo ya wiki mbili. Za wako ziliishia wapi?

Mdogo wangu ana mtoto wa wiki sita. Mtoto akilala yeye halali, analia, hali. Shangazi wanasema anajidekeza. (Dada mtu, Mwanza)

Shangazi wanyamaze. Majonzi ya siku za mwanzo hupita ndani ya wiki mbili. Wiki sita ni mbali, na huenda ni sonona ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito baada ya kujifungua. Inatibika, na zipo dawa anazoweza kutumia huku ananyonyesha. Usimtume hospitali, nenda naye, useme wewe mwenyewe: "Halali hata mtoto akilala." Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, mpelekeni siku hiyo hiyo. Leo ukalale kwake. Mtoto akiamka, mpelekee anyonye, kisha urudi naye wewe.