Raba zinatosha kwenda maporomokoni, ila kagua soli

Swali ni kama raba za kawaida na chupa moja ya maji vinatosha kwa njia ya msituni ya kilomita 4, kwenda na kurudi, hadi kwenye maporomoko madogo. Raba zinatosha mradi soli ina meno ambayo hayajalika. Soli bapa hugandwa na tope, na tope likishaganda huna breki tena. Maji beba nusu lita kwa kila saa utakayotembea, zaidi kukiwa na joto.

Wengi hukosea kwenye muda. Kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 bado inafaa: saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kama maporomoko yako bondeni, mita 200 chini ya mwanzo wa njia, kilomita 4 zitachukua kama dakika 70. Kukiwa na tope na mizizi ongeza nusu yake. Na kumbuka mlima wote unakungoja wakati wa kurudi, miguu ikiwa imeshachoka, kwa hiyo nusu ya maji isiguswe kabla ya hapo. Chini ya miti giza huingia mapema. Chukua tochi hata kama unaondoka asubuhi, na umwambie mtu saa ya kurudi, maana bondeni simu mara nyingi haishiki mtandao.

Mizizi iliyolowa iruke, usiikanyage, hasa iliyolala mshazari.

Sehemu ya kuogopa hasa ni zile hatua chache za mwisho. Manyunyu ya maji hulowesha mawe hata kiangazi, na mwani huota juu yake. Jiwe jeusi linalong'aa au lenye ukijani linateleza. Tafuta lenye rangi iliyopauka na uso unaokwaruza. Weka mguu kwanza, lisukume kidogo, ndipo uhamishie uzito. Inama, shika kwa mkono, na uhamishe kiungo kimoja tu kwa wakati. Picha piga ukiwa umesimama. Kutembea huku unatazama simu ndiko kunakoangusha watu.

Usijirushe kwenye bwawa la chini. Povu huficha magogo na mawe, na maji yaliyojaa mapovu ya hewa hayakubebi vizuri kama maji matulivu, huku yanayoanguka yakikusukuma chini. Usikae moja kwa moja chini ya maporomoko pia, kwani mawe na matawi huja na maji. Juu ya ukingo usipande kabisa.

Mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya mto, wakati wewe uko juani. Maji yakigeuka rangi ya udongo, yakileta majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, panda mahali pa juu papo hapo na uache vitu vilivyobaki kwenye mawe. Kama kijito ulichokivuka kimejaa, subiri upande uliopo. Mvua ikikatika, vijito vidogo mara nyingi hupungua ndani ya saa chache.