Ukipata siku mbili Uturuki, nenda ukalale İznik

Wabongo wanaopita Istanbul, wa masomo, wa biashara, hata wale wa kuunganisha ndege, huwa wananiuliza wakipata siku mbili waende wapi, na mimi jibu langu ni lile lile, İznik. Najua wengi mnatajiwa Kapadokia na maputo ya kupanda angani, sawa ni pazuri, lakini huu mji mdogo wa wakulima pembeni ya ziwa, mkoa wa Bursa, ndo niliupenda kuliko kote nilikopita, maana mambo ya kale hayajafungiwa uzio, watu wanalima mboga hadi kwenye ukuta wa Warumi unaozunguka mji na trekta za zeituni zinakatiza hapo hapo.

Na Wakristo mnaujua bila kujua. Ile Nasadiki ya Jumapili chimbuko lake ni mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea, mwaka 325, na Nikea ndo hii İznik. Mwaka 2014 picha za kutoka angani zilionyesha magofu ya kanisa la kale ndani ya ziwa, karibu kabisa na ufukwe, na Novemba 2025 Papa Leo XIV alifika kusali pale kuadhimisha miaka 1700 ya mtaguso huo.

Ninachosisitiza ni kulala. Watalii wengi wanashushwa na basi, wanapiga picha msikiti wa kale wa Ayasofya, wanaondoka, yani hawajaona kitu. Wewe fika jioni, tafuta pansheni, nyumba ndogo ya wageni, karibu na ziwa, asubuhi uzunguke ukuta kwa mguu, ni kama kilomita 5 hivi na ni tambarare. Usipite haraka İstanbul Kapı, lango la kaskazini, kuna sura kubwa za watu zimechongwa kwenye mawe. Halafu Lefke Kapı mashariki, ukitoka nje tu unakutana na mfereji wa maji wa kale na mashamba yanaanza.

Ayasofya yenyewe (sio ile ya Istanbul) ilikuwa kanisa, Orhan Gazi, mtawala wa Waosmani, alipouteka mji 1331 akaifanya msikiti, baadaye ikawa makumbusho, na tangu 2011 watu wanasali tena, kwa hiyo dada zangu bebeni mtandio na msiingie kupiga picha watu wako kwenye swala.

Vigae sasa, vile vya kupamba kuta. Zaidi ya vigae 20,000 vya Msikiti wa Buluu wa Istanbul ni kazi ya İznik, na mafundi wapo mpaka leo, wengine wana karakana ndani ya madrasa ya Süleyman Paşa. Kaa uangalie wanavyochora, muulize fundi kama kimechorwa kwa mkono au kimechapwa, bei zinatofautiana sana na cha mkono kinastahili hela yake, usimkandamize fundi.

Msimu mzuri kwangu ni Novemba na Desemba, baridi ipo ila ndo zeituni zinachumwa, familia nzima shambani, turubai chini ya miti. Ukitaka kununua zeituni nyeusi za aina ya Gemlik onja kwanza, chumvi zinapishana, na uombe wakufungie vizuri kabisa uweke kwenye begi la kukabidhi uwanja wa ndege.

Kufika ni rahisi, boti toka Yenikapı, hapo Istanbul, mpaka Yalova halafu dolmuş, hizo ni daladala zao, au basi dogo toka stendi ya Bursa. Magari ya kurudi hayaendi mpaka usiku sana, ulizia la mwisho saa ngapi ukishuka tu.