Mchungaji, mdogo wangu alikosa nini?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mdogo wangu alichukuliwa na tope la Katesh, Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023. Alikuwa mwanakwaya. Sare yake ninayo mimi, aliniletea niibane kiunoni. Bado iko juu ya cherehani na pini zake. Kanisani wapo wanaosema ule mji ulikuwa na dhambi. Wengine wananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Nikipiga magoti maneno hayatoki. Je, ninakufuru?
Fundi cherehani, Babati

JIBU: Pole sana, dada yangu. Hukufuru.

Naanza na hilo la dhambi, maana linaniuma. Katika Luka 13 Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: sivyo. Wito wa kutubu akawapa waliokuwa wamesimama mbele yake, wazima. Kuwapekua marehemu hakumruhusu mtu. Na Katesh wataalamu walishaeleza: mvua ilikuwa kubwa, sehemu dhaifu ya mlima Hanang ikanyonya maji, ikameguka, ikashuka na mawe na magogo. Paulo anaiita hali hii ya dunia utungu. Anasema viumbe vyote vinaugua hata sasa. Kwa nini utungu huo ulimpata yeye asubuhi ile, Maandiko hayasemi, na mimi sitakutungia sababu.

Hilo la kazi ya Mungu kutokuwa na makosa nami niliwahi kulisema. Nilikuwa mwinjilisti kijana, msibani kwa mama aliyezika mtoto wa miezi saba. Alikuwa amepakata kanga ya kumbebea, ameikunja vizuri, anaipapasa taratibu kama mtoto bado yumo ndani. Nikamwambia maneno hayo. Hakunijibu. Alinyanyuka, akahamia upande wa pili wa mkeka na kanga yake. Sijayatamka tena msibani.

Makanisani tunampenda Ayubu wa sura ya 1, yule wa “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa”, halafu tunafunga kitabu. Kitabu kina sura 42! Sura ya 3 tu ameshailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya jambo jema siku saba za kwanza: walikaa naye chini, kimya. Waliharibu walipoanza kumtetea Mungu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, akisema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Yule aliyelalamika, dada yangu, ndiye aliyeonekana amenena sawa. Na Yesu mwenyewe pale msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, akimuuliza Mungu mbona amemwacha. Mimi namwamini Mungu kwa sababu ya kilio hicho kuliko kwa maelezo yoyote niliyofundishwa chuoni.

Maneno yakikataa, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Inaishia gizani, haina aleluya, na ni sala kamili. Tafuta mmoja wa akina mama wa kanisani anayeweza kukaa kando ya cherehani yako bila kukuhubiria. Pini usizitoe kwa sababu watu wamesema imetosha. Na siku ukiweza, mweleze Mungu habari ya ile sare, kwa uchungu uleule ulioniandikia mimi.