Barua kwa mwanangu: mjomba wako na posa

Mwanangu,

Umeniuliza kama wakwe zako waambiwe habari ya ugonjwa wa akili wa mjomba wako kabla ya posa, au tunyamaze mpaka mahari ipokelewe. Mimi linaloniwasha ni jingine: siku hiyo mjomba atakaa wapi? Nimesikia baba yako mkubwa anataka abaki Tanga, ati asije akaropoka.

Harusi ya dada yako unaikumbuka. Walitaka nimfungie chumba cha uani. Alikuwa ametoka hospitali ya Mirembe karibuni, dawa zinamkakamaza, mikono inatetemeka. Nikakataa. Nikampa zamu ya moto wa biriani, naye makaa ya juu ya mfuniko akayapunguza moja moja kwa koleo, wali ukatoka umechambuka. Akaitwa kula. Alipoketi tu kwenye sinia, bwana mmoja akamvuta mwanawe mkono, wakahamia sinia nyingine. Mjomba wako akabaki na tonge mkononi, hali wala hatui. Nikilikumbuka kifua kinanibana hadi leo. Ndipo babu yake shemeji yako, mzee yule wa Pangani, akajisogeza palepale alipotoka mtoto, akamwekea mnofu mbele yake, akamuuliza moto wa biriani kaulinda nani. Wakala mpaka sinia likabaki tupu. Yule mzee namwombea kila Ijumaa.

Mgonjwa wetu hafichwi, hupewa kazi. Nimelisema sana na nitalisema tena.

Utaniambia: Mama, kumweka mbele za watu si kumwanika? Ugonjwa ni wake, siri ni yake. Kweli. Hilo nimeliwaza usiku kucha na sina pa kulipinga. Lakini kumtunzia mtu siri yake si kumfungia mlango.

Nesi wa kliniki alitueleza kwamba tangu miaka ya 1960 watafiti wa London waliona wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba za makaripio na lawama ndio wanaozidiwa tena upesi. Kwangu hakaripiwi. Akisema anasikia sauti, sibishani naye wala sijifanyi nazisikia. Namuuliza kama amelala. Akikosa usingizi ndipo humjia. Amepona? Genge lake analifungua alfajiri, na wadaiwa wote anawajua kwa majina. Sindano yake ya kila mwezi haikosi, na asiiache kwa kuwa tu anajiona mzima.

Wakikuuliza mambo ya damu, usiwadanganye. Skizofrenia, ugonjwa huo wake, hufuata ukoo kwa kiasi, lakini haiandikwi kwa kila mtu: hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua nusu ya mara hivi, au hata chini ya nusu. Wewe ni mpwa. Tena ugonjwa huu aghalabu huanza ujanani, kama ulivyomshika yeye akiwa chuoni.

Sasa, kusema au kutosema? Ndoa ni yako, sitaki kukuamulia. Ingawa ningekuwa mimi, binti mwenyewe angekuwa ameshajua zamani... Basi, naacha. Ila usimwambie mtu kabla hujampigia mjomba mwenyewe ukamuuliza anataka isemwe nini, na nani aseme. Na umpe kazi siku hiyo. Hafichwi, hupewa kazi.

Tarehe nijulishe mapema, isije ikagongana na siku yake ya sindano.

Mama yako